Jinsi ya Kusanifu Tovuti Sahili Bila Kuipunguzia Manufaa: Mwongozo Kamili

Wengi wanaonionyesha tovuti zao wamekwama mahali pamoja. Wamesikia kwamba tovuti nzuri ni ile yenye vitu vichache, wakaondoa rangi, wakaifanya mandharinyuma kuwa nyeupe tupu, wakachagua herufi nyembamba za kijivu, wakaificha menyu nyuma ya vistari vitatu, kisha wakashangaa kuona wageni wanaingia na kutoka bila kutenda lolote. Kosa lao si kupunguza. Kosa ni kwamba walianza kupunguza kwa kutazama sura ya ukurasa kabla hawajaamua kazi yake.

Kinachomchosha mgeni ni wingi wa maamuzi anayotwikwa: abofye wapi, asome lipi kwanza, lipi ni tangazo na lipi ni jibu. Ukurasa unaweza kuwa mweupe kama karatasi na bado ukamtwika mzigo huo wote. Ndiyo maana hatua zifuatazo zinaanza na yaliyomo, zinapita kwenye muundo, na sura inaguswa baadaye kabisa. Mpangilio huo usiubadilishe, hata kama mikono inawasha kuanza na rangi.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tovuti ya mfasiri wa nyaraka anayefanya kazi peke yake. Ni tovuti ndogo, lakini maradhi yake ni yale yale ya tovuti kubwa.

## Mahitaji

- Nakala kamili ya tovuti ya sasa, yaani faili zote pamoja na hifadhidata, ikiwa imehifadhiwa nje ya seva, yaani kompyuta inayoihudumia tovuti. Ifungue uone kama inafanya kazi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa isihesabiwe.
- Takwimu za matembeleo za miezi mitatu au zaidi, kama unazo.
- Jedwali katika programu ya majedwali, au daftari lenye mistari.
- Penseli na karatasi.
- Simu ya kawaida, ikiwezekana ya miaka kadhaa iliyopita, pamoja na kompyuta.
- Kivinjari chenye zana za wasanidi, yaani dirisha linaloonyesha msimbo na faili za ukurasa. Katika kompyuta nyingi hufunguka kwa kubonyeza F12.
- Watu watatu ambao hawajawahi kuiona tovuti yako.

Kiolezo kipya, yaani muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari, hakimo katika orodha hii, wala sikukisahau. Ukinunua kiolezo kabla ya hatua ya 5, utajikuta unatunga maneno ya kujaza visanduku vya mtu mwingine.

## Hatua ya 1: Andika kazi ya kila ukurasa kwa sentensi moja

Sentensi hiyo iwe na mtu na iwe na tendo. Kwa ukurasa wa mwanzo wa mfasiri wetu inaweza kuwa hivi: «Mtu mwenye hati inayohitaji tafsiri ajue kama ninaifahamu lugha yake, kisha anitumie hati hiyo.» Sentensi kama «Kuitambulisha kampuni kwa umma» haifai, kwa sababu haina mtu anayetenda kitu, na chochote kile kinaweza kubandikwa ukurasani kwa kisingizio chake.

Sentensi ikikulazimisha kuandika neno «pia» mara mbili, ukurasa huo una kazi tatu na unahitaji kugawanywa. Ukurasa usioandikika sentensi hata baada ya kuufikiria, utie alama. Tutarudi kwake katika hatua ya 2.

Dalili ya kufaulu: mpe mtu mwingine sentensi hiyo bila kumwonyesha ukurasa. Akiweza kukuambia ni kitufe gani kinapaswa kuwapo, endelea.

## Hatua ya 2: Orodhesha kila kitu, kisha kitolee hukumu

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Fungua jedwali lenye safu tatu: kitu chenyewe, kinamsaidia nani kutenda nini, na hukumu. Pitia ukurasa kutoka juu hadi chini ukiandika kila kinachoonekana: nembo, picha, kitufe, aya, ikoni, hata mstari wa pambo. Usihukumu wakati unaorodhesha, maana mtu akihukumu mapema huanza kuvipendelea vitu alivyovitengeneza kwa jasho.

Orodha ikikamilika, jaza safu ya pili, na kila kitu kipewe moja ya hukumu nne: kibaki, kiunganishwe na kingine, kihamishiwe ukurasa mwingine, au kiondoke. Kitu ambacho safu yake ya pili imekaa tupu hakiwezi kupewa hukumu ya kubaki.

Kwa mfasiri wetu, ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha tano zinazozunguka, kaunta ya wageni, saa, ikoni saba za mitandao ya kijamii na dirisha ibukizi la kujisajili kwa jarida ambalo halijawahi kutoka. Kaunta, saa na dirisha viliondoka mara moja. Ikoni saba zilibaki mbili, zile za kurasa anazojibu ujumbe kwa kweli, zikahamia sehemu ya chini.

Picha zinazozunguka zinahitaji neno lake, kwa kuwa ndizo zinazotetewa zaidi. Aghalabu huwa ni ushahidi kwamba mwenye tovuti alishindwa kuchagua jambo moja la kutanguliza, akaiachia mashine imchagulie kila baada ya sekunde chache. Mgeni aliyefika katikati ya sentensi ya picha ya pili hunyang'anywa alichokuwa akisoma. Isitoshe, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 kando ya maandishi mengine kiwe na njia ya kukisimamisha, na wengi hawaiweki. Chagua picha moja, au usiweke picha.

Onyo la kwanza: kuna vitu ambavyo havipendezi macho lakini havifutwi. Navyo ni njia za mawasiliano, bei ikiwa unaitaja, masharti na sera ya faragha, pamoja na kisanduku cha kutafuta katika tovuti yenye kurasa nyingi. Ukurasa wa masharti hutembelewa na wachache, lakini wachache hao ndio walio karibu kutoa uamuzi.

Onyo la pili: usifute ukurasa bila kuielekeza anwani yake kwingine. Niliwahi kufuta kurasa zaidi ya thelathini za mteja mmoja kwa alasiri moja, nikiwa nimefurahia wepesi uliobaki. Kumbe tovuti nyingine zilikuwa zimeunganisha kwenye kurasa hizo kwa miaka, na kila aliyefuata kiungo aliishia kwenye kosa la 404, lile la ukurasa usiopatikana. Nilitumia siku nyingi kurekebisha kazi ya saa tatu. Tangu hapo, kila anwani ninayoiondoa huandikiwa kwenye seva maelekezo ya kudumu, yale ya namba 301, kwenda kwenye ukurasa wenye maudhui ya karibu zaidi. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo, kwani mgeni aliyetafuta bei akitua hapo hajui kilichotokea.

Dalili ya kufaulu: hakuna mstari wa jedwali usio na hukumu, na kila hukumu ya kuondoa ukurasa ina anwani mpya kando yake.

## Hatua ya 3: Punguza menyu kwa kutumia maneno ya mgeni

Menyu ya mfasiri wetu ilikuwa na maneno kumi na moja: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Dira, Dhamira, Timu, Huduma, Huduma Zaidi, Matunzio, Habari, Ushuhuda, Wasiliana. Timu yenyewe ni mtu mmoja.

Ilibaki hivi: Lugha na Huduma, Bei, Kunihusu, Tuma Hati. Dira, dhamira na timu ziliingia katika aya mbili za Kunihusu. Ushuhuda haukufutwa; kila kauli ya mteja ilipelekwa kando ya huduma aliyoisifia, mahali ambapo msomaji anajiuliza kama huduma hiyo ni ya kuaminika. Neno Mwanzo lilichukuliwa na nembo inayobofyeka, ingawa kama wageni wako si wazoefu wa mtandao ni heri neno hilo libaki.

Idadi yenyewe si amri. Kipimo ni kwamba maneno mawili ya menyu yasigombee swali moja: mtu anayetaka kujua unafanya nini asilazimike kuchagua kati ya Huduma na Huduma Zaidi.

Onyo: usiifiche menyu nyuma ya vistari vitatu kwenye skrini ya kompyuta, ambako nafasi ipo tele. Menyu iliyofichwa imeuondoa wingi machoni tu. Mgeni bado hajui kilichomo. Kwenye simu, maneno manne mafupi mara nyingi huenea katika mistari miwili. Yasipoenea, andika neno Menyu kando ya vistari.

## Hatua ya 4: Punguza maneno, usipunguze majibu

Soma aya hii iliyokuwa juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo:

> Karibu sana katika tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa huduma bora, za kisasa na za kitaalamu za tafsiri zinazokidhi mahitaji ya wateja wetu wa aina mbalimbali kwa kuzingatia ubora, uaminifu na weledi.

Ni maneno 34, na mtu mwenye cheti mkononi bado hajui kama amefika mahali pake. Sasa soma hii:

> Natafsiri vyeti, mikataba na ripoti kati ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Hati ya kurasa tano hurudi ndani ya siku mbili.

Maneno ni 20, nayo yanajibu maswali matatu: hati gani, lugha zipi, muda gani. Kupungua kwa maneno kumekuja kwenyewe baada ya kuondoa yasiyosema kitu.

Njia ya kuyatambua maneno hayo ni kuyageuza kinyume. Hakuna anayejitangaza kwamba huduma zake ni duni, za kizamani na zisizo na weledi. Kwa hiyo anayejiita bora, wa kisasa na mwenye weledi hajamtofautisha yeyote. Sentensi ambayo kinyume chake hakiwezi kusemwa na mtu mwenye akili timamu, ifute. «Sitafsiri kwa mashine» inaweza kusemwa kinyume na mtu mwingine, kwa hiyo inabeba habari na inastahili kubaki.

Vitufe navyo viseme kitakachotokea. «Bofya hapa» na «Soma zaidi» humlazimisha mgeni kusoma maneno ya jirani ili ajue aendako, na anayetumia programu ya kusomewa skrini, ambayo inaweza kumtajia viungo peke yake, husikia «soma zaidi» mara sita mfululizo. «Tuma hati yako» inatosha.

Onyo: ufupi unaomlazimu mgeni kuandika barua pepe kuuliza jambo la kawaida si usahili. Ukiulizwa swali lile lile na watu watatu, jibu lake lirudi ukurasani hata kama litaongeza aya.

## Hatua ya 5: Panga kwa penseli, ukianza na upana wa simu

Chora mstatili mwembamba na upange vitu vilivyobaki kwa safu moja, kutoka cha muhimu zaidi. Wembamba huo ni msaada: hauna pembeni pa kukimbizia kitu usichotaka kukiamulia. Mpangilio wa kompyuta uchorwe baadaye kwa kuupanua huo.

Kisha zije nafasi tupu. Nafasi ina kazi ya kuonyesha kipi ni cha nani, kwa hiyo kichwa kidogo kinapaswa kukaa karibu na aya yake kuliko aya iliyotangulia. Ukiweka pikseli 48 juu ya kichwa na 16 chini yake, jicho litaelewa bila mstari wa kutenganisha wala kisanduku. Chagua vipimo vichache, kwa mfano 8, 16, 24, 32, 48 na 64, na usitumie kingine chochote. Ukurasa wenye vipimo vya kubahatisha huonekana una vurugu hata ukiwa na vitu vitano.

Onyo: nafasi ikizidi, humdanganya mgeni. Skrini ya kwanza ikijazwa na picha moja kubwa na neno moja, mtu huweza kudhani ukurasa umeishia hapo. Acha ukingo wa sehemu inayofuata uchungulie chini ya skrini.

Dalili ya kufaulu: finya macho mpaka maandishi yasisomeke. Bado unapaswa kuona makundi yaliyotengana na jambo moja linalojitokeza kuliko mengine.

## Hatua ya 6: Herufi na rangi

Familia moja ya herufi yenye uzito wa aina mbili, wa kawaida na mzito, inatosha karibu kila tovuti. Maandishi ya aya yaanzie pikseli 16, nafasi kati ya mistari iwe mara 1.5 ya ukubwa wa herufi, na mstari uwe na herufi kati ya 45 na 75 kwenye skrini pana. Mstari unaoenea ukuta hadi ukuta hulipotezea jicho mwanzo wa mstari unaofuata. Kiswahili, kwa maneno yake marefu, huumia zaidi mstari ukiwa mfupi mno, kwa hiyo safu nyembamba tatu zilizopendeza kwenye kiolezo zinaweza kukatakata maneno yako vibaya.

Rangi ziwe tatu: ya maandishi, ya mandharinyuma, na moja ya vitendo. Hiyo ya tatu itumike kwa vitufe na viungo pekee. Ukiipaka pia kwenye mapambo, umemfundisha mgeni kubofya visivyobofyeka.

Sasa lile kosa la kijivu. WCAG inataka tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu cha #999999 (hivi ndivyo rangi inavyoandikwa kwenye msimbo) juu ya nyeupe, ambacho wapenda usahili wamekizoea, kinafikia takriban 2.85 tu, hakitoshi hata kwa kichwa kikubwa. #767676 ndicho kijivu hafifu kuliko vyote kinachovuka kizingiti cha 4.5, kikiwa pembeni kabisa ya mpaka. Mimi hutumia #333333, chenye zaidi ya 12. Zana za wasanidi za Chrome na Firefox hukupa namba hii, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana na macho ya kijana mwenye skrini mpya.

Onyo: usiviondolee viungo vya ndani ya aya mstari wa chini, na usifute fremu inayokizunguka kitufe mtu anapotembea kwa kibodi. Vyote viwili huonekana kama uchafu kwa mbunifu, lakini kwa asiyeona rangi vizuri au asiyetumia kipanya ndivyo vinavyomwongoza.

## Hatua ya 7: Punguza uzito usioonekana

Ukurasa unaweza kuwa na neno moja na video moja nyuma yake, ukaonekana mwepesi na ukamaliza kifurushi cha data cha mgeni. Fungua zana za wasanidi, nenda kwenye kichupo cha mtandao, zima kache (nakala za faili ambazo kivinjari kimejiwekea), pakia ukurasa upya, kisha panga faili kwa ukubwa. Anza na ya juu.

Mara nyingi itakuwa picha. Picha ya pikseli 4000 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera na inayoonyeshwa kwa upana wa 800 inabeba pikseli mara 25 ya zinazohitajika, kwa sababu inazidi mara tano kwa upana na mara tano kwa kimo. Ipunguze hadi 1600 ili ifae pia skrini zenye pikseli nyingi, na uihifadhi kwa muundo wa WebP au AVIF, ambayo ni miundo ya faili nyepesi za picha. Andika upana na kimo chake kwenye msimbo ili kivinjari kiitengee nafasi, maandishi yasiruke wakati mtu anataka kubofya. Picha za chini ziachwe zisubiri hadi mgeni azikaribie, ila ile ya juu kabisa isicheleweshwe.

Baada ya picha, tazama fonti, kwa kuwa kwa kawaida kila uzito wa herufi ni faili yake, na programu-jalizi, yaani vipande vya kuongezea tovuti uwezo, ulizosakinisha ukazisahau. Kipimo cha Google cha ukurasa mzuri ni kwamba kitu kikubwa zaidi cha skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5.

## Hatua ya 8: Fomu

Kila kisehemu cha fomu kiulizwe: habari hii nitaifanyia nini leo? Mfasiri wetu alikuwa akidai jinsia, anwani ya posta na namba mbili za simu kabla ya kupokea hati. Vilibaki jina, barua pepe, lugha mbili na faili.

Jina la kisehemu likae nje ya kisanduku. Likiwekwa ndani kwa rangi hafifu, hutoweka mtu anapoanza kuandika, naye husahau alichoulizwa. Kitufe kiwe na angalau pikseli 44 kwa kimo na upana, ukubwa unaotosha kidole gumba.

## Hatua ya 9: Wajaribishe watu watatu

Mwonyeshe mtu ukurasa wa mwanzo kwa sekunde tano, ufunge, kisha umuulize tovuti hii ni ya nini. Halafu mpe simu na kazi ya kweli: «Una cheti cha kuzaliwa unachotaka kitafsiriwe. Endelea.» Nyamaza. Usimuulize kama anaipenda, maana watu wema watakuambia ndiyo. Andika mahali kidole kinaposita na maneno anayoyanong'ona.

Kisha weka kipanya kando na upite ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab. Ukipotea usijue uko wapi, fremu ya hatua ya 6 imefutwa mahali fulani.

Wawili kati ya watatu wakitafuta kitu ulichokiondoa, kirudishe siku hiyo hiyo. Kwa mfasiri wetu kilikuwa namba ya simu, ambayo tuliipeleka kwenye ukurasa wa Kunihusu kwa kudhani fomu inatosha. Ilirudi juu, kando ya kitufe, na ukurasa haukupungukiwa na usahili wowote.

## Baada ya tovuti kuwa hewani

Kwa mwezi mmoja, tazama kila wiki orodha ya makosa ya 404 kwenye kumbukumbu za seva, na uielekeze kila anwani inayojirudia. Linganisha idadi ya hati zilizotumwa na ile ya mwezi uliotangulia. Idadi ya kurasa zilizotazamwa itashuka, nayo haina habari mbaya, kwa kuwa kurasa zenyewe zimepungua.

Maombi ya kuongeza vitu yataanza mapema kuliko unavyodhani, pengine kutoka kwako mwenyewe. Jedwali la hatua ya 2 lisitupwe: kila kipya kiingie humo kwanza, na safu ya pili ijazwe kabla mtu hajagusa msimbo.